Mama Alipoitwa Mvivu

Harufu ya tumbaku inayokauka haifanani na ya sigara. Ni tamu na nzito, kama asali iliyoanza kuungua, na katika kijiji chetu kule Sikonge ilikaa kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye ugali, tangu majani ya kwanza yalipochumwa hadi mvua zilipokatika. Nilikuwa na miaka kumi. Sisi watoto tulifunga majani kwenye fito, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu, na baba akazipanga ndani ya bani, kijumba cha udongo kinachopashwa moto usiku na mchana. Mama alichuma shambani na kuuchochea moto wa bani. Msimu ule ndipo mwili wake ulipoanza kumkataa.

Asubuhi alikuwa mama niliyemjua. Kabla hakujapambazuka alikuwa amekwisha kuchota maji na kufagia uwanja, akiimba nyimbo za kanisani kwetu Moravian. Ikifika saa nne, jua linapoanza kuchoma, nguvu zilimwisha zote mara moja. Alikaa juu ya tuta katikati ya majani, mikono imelegea, akisema miguu imejaa mchanga. Karibu na bani hali ilizidi: joto likimpiga alipepesuka, na jicho moja likaona ukungu. Alijitafutia njia zake. Alilowesha kanga mtungini akajifunika kichwa na shingo. Kazi nzito alizifanya wakati wa umande. Viazi alivimenya amelala ubavu. Adhuhuri alijilaza chini ya upenu, na hapo ndipo wapita njia walipomwona. Alfajiri hakuna aliyemwona ila mimi.

Baba alimpeleka zahanati kwa baiskeli. Wakamtoboa kidole, wakasema hana malaria. Kwa watu wetu jibu hilo likawa hukumu, kwa maana asiye na malaria ni mzima. Hakukonda, hakukohoa, hakuwa na kidonda cha kuonyesha. Shangazi Kabula, dada mkubwa wa baba, akasema waziwazi, "Huu si ugonjwa, ni uvivu. Mwenye nguvu za kuimba anakosaje nguvu za kuchuma?" Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Siku moja moto wa bani ulizimika mama akiwa zamu, na tumbaku yote iliyokuwa ndani ikaharibika. Tulimkuta amekaa pale pale, macho wazi, kuni mkononi, ameshindwa kunyanyuka. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, ukoo ukafanya kikao uani kwetu. Shangazi akaniita mbele ya wote.

"Nyamizi, mtoto hasemi uongo. Mama yako hulala mchana, halali?"

"Hulala, shangazi."

"Kila siku?"

Nilimtazama mama. Ningeweza kusema habari za maji ya alfajiri na kanga iliyolowa. Lakini nilikuwa nimechoshwa na kazi zake zilizoniangukia, wenzangu shuleni walinicheka, na moyoni nilikuwa na hasira naye.

"Kila siku," nikajibu. "Hata nikimwamsha haamki."

Mama hakunikanusha. Alimgeukia baba akasema, "Mume wangu, sikatai kazi. Mwili haunisikii." Baba aliangalia viatu vyake. Wiki ile ile mama alipandishwa lori la tumbaku, akarudishwa kwao Ntalikwa. Kabla ya msimu mwingine baba alikuwa na mke mpya, nami nikamwita mama kama nilivyoagizwa.

Nilipokuwa mwalimu mjini Tabora nilimchukua mama tukae pamoja mtaa wa Chemchem. Alikuwa ameanza kuburuta mguu, na baada ya kuzunguka sana tukafika hospitali kubwa ambako walimpiga picha za kichwa na uti wa mgongo. Daktari aliutaja ugonjwa, multiple sclerosis, akaeleza kwamba kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Nikamuuliza kuhusu kule kulala mchana. "Uchovu huo ni sehemu ya ugonjwa, mwalimu," akasema. "Na joto huuzidisha." Kikulacho ki nguoni mwako. Mama aliliwa na mwili wake, kisha akaliwa na sisi.

Shangazi Kabula, sasa ajuza, alikuja kumwona. "Wifi, tungejua," akasema. Mama akamjibu taratibu, "Ugonjwa hamkuujua. Mimi mlinijua." Mimi nami niliomba msamaha. "Ulisema kweli, mwanangu," akaniambia. "Ndiyo maana waliamini."

Siku hizi mama hupika ameketi, hufanya jambo moja kisha akapumzika, na hujimwagia maji baridi kabla jua halijapanda. Ugonjwa una jina na cheti cha daktari kimo kabatini. Hakuna jirani anayemcheka. Hata hivyo, hodi ikipigwa mchana, mama hushika ukuta, akajikokota kutoka kitandani na kusimama akitetemeka, mgeni asije akamkuta amelala.