Mvua ilipochanganya valvu za Dorosela

Saa tatu asubuhi, Mahongole, pembeni mwa mji wa Makambako. Manyunyu yamekatika, lakini Dorosela Mgaya hajatulia. Anainamia beseni, anatoa valvu moja, anaigeuzageuza, anairudisha.

Mjane huyu husafisha vipuri vya injini nyumbani kwake. Mafundi wa gereji za mjini humletea vikiwa vimeganda oili na masizi. Yeye huviloweka kwenye dizeli, huvisugua kwa brashi ya waya, kisha huvipanga juu ya gunia kwa mpangilio uleule waliomletea nao. Wanaosugua wako wengi. Yeye hupewa kazi kwa sababu ya gunia lile.

"Ukiziangalia valvu utasema zinafanana, lakini kila moja imeshazoea kiti chake, pale inapozibia kwenye injini," anasema. "Ukizibadilisha hazizibi vizuri, zinavujisha hewa. Gari linakosa nguvu mlimani, na hizi ni za lori linalobeba mbao kutoka Matembwe."

Leo alizipanga valvu nane nje, akaenda kununua dizeli. Nyuma yake mvua ikaanza. Mama mkwe wake, bibi Dorika, akatoka mbio, akazizoa zote na kuzitia kwenye beseni zisije zikashika kutu. Akazifuta hata kwa kanga yake.

"Nimekuokolea vyuma vyako, mwanangu," alimwambia Dorosela aliporudi.

"Asante, mama."

Bibi alitaka kuokoa kazi tu. Kazi hii ndiyo inayowaweka mjini wote wawili.

Sasa fundi Bonaventura, aliyezileta, yuko njiani kuzifuata. Dorosela anaweza kunyamaza, maana valvu zinang'aa na hakuna atakayegundua mpaka lori lipakie. Lakini mwenzake wa mtaa wa pili aliwahi kunyamaza namna hiyo, na tangu hapo hakuna fundi anayebisha hodi kwake.

"Nikisema, huenda nikakosa kazi. Nisiposema, dereva wa watu anakwama na mzigo," anasema.

Pikipiki inasimama uani.

"Kamwene, mama," Bonaventura anatoa salamu ya huku.

"Kamwene. Fundi, zimechanganyika." Analitoa neno hilo kabla mgeni hajavua helmeti.

Bonaventura anakuna kidevu, anaziangalia valvu. Jasho linamtoka Dorosela na baridi yote ile ya Makambako.

"Basi nitazisaga upya, moja moja na kiti chake, mpaka zizibe," fundi anasema hatimaye. "Mwenye lori atanuna, lakini atasubiri. Ungenyamaza ndiyo tungekosana."

Bibi Dorika amesikia yote akiwa mlangoni. "Kumbe zina viti vyake?"

"Ndiyo, mama."

"Kama sisi kanisani. Ukikalia pa mwenzio, ibada nzima hamtulii."

Fundi anacheka, anafungua mkoba, anamkabidhi Dorosela valvu nyingine, nyeusi tii. Dorosela anazipokea, anazipanga juu ya gunia. Anakiri kwamba hofu haijamwisha, na haitamwisha mpaka asikie lori limepanda mlima salama.

Anachotaka sasa ni mabati ya kuezekea pembe ya ua. Kabla ya hapo atatoboa matundu kwenye ubao, kila tundu na namba yake, kila valvu na tundu lake.

Bibi Dorika ameketi karibu na gunia, anazitazama valvu bila kuzigusa.

"Namba ziwe kubwa, macho yangu haya," anasema. "Mvua ikija tena, nitazibeba na ubao wake."