Mume wangu alimpata Mungu kwa DJ wa filamu, mimi nikaona wivu

Admin, habari za kazi. Ukiposti kisa hiki ondoa jina langu, na kwaya yangu pia usiitaje, maana huku tunajuana kwa rangi za sare. Mimi ni mama wa miaka 36, nina watoto watatu. Nimezaliwa Dongobesh kwenye familia ya kanisa na kilimo, nimeolewa upande wa Nangwa na mwanaume wa jamii ya wafugaji ambao kwao kanisa ni mambo ya wanawake na walimu. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Hilo mlikumbuke, ndilo linaloniumiza zaidi.

Baba Eliya ni mume mzuri, sitamsema vibaya. Miaka kumi na mmoja alikuwa ananipeleka ibadani kwa pikipiki, ananishusha getini, anaenda zake kuangalia ng'ombe. Nimefunga kwa ajili yake. Nimempigia magoti Mungu mpaka magoti yakaota sugu. Nikimwambia aingie hata siku moja ananijibu, "Mama Eliya, wewe niombee tu, inatosha." Wenzangu waume zao wanaimba besi. Mimi nilishazoea kuonewa huruma.

Mwaka jana, siku ya mnada Katesh, alienda kwa fundi simu kuongezewa filamu kwenye memori kadi. Anapenda zile za nje ambazo DJ anazitafsiri kwa Kiswahili na kuchomekea maneno yake mwenyewe. Fundi akamwekea na tamthilia ndefu ya mfalme Daudi. Mume wangu akaipenda kwa sababu moja tu, Daudi alikuwa mchungaji wa mifugo. Akawa anaiangalia malishoni mchana, simu ameiweka ndani ya kofia jua lisipige kioo. Mara nasikia anawauliza watoto habari za Goliathi. Mara anasali kabla ya kula, mwenyewe, bila kuambiwa. Siku moja akaniambia anataka kubatizwa, ameshaongea na mwinjilisti.

Nilipaswa kupiga vigelegele. Badala yake nikamuuliza nini kimembadilisha. Nisiwafiche, nilikuwa nasubiri anitaje mimi. Akasema, "Ni yule DJ. Anaongea kama mtu anayenijua."

Jamani, niliungua. Miaka yote ile ya kufunga, halafu sifa anachukua mtu wa kwenye memori kadi ambaye hata sijui kama anasali. Nilimwonea wivu yule DJ kana kwamba ni mchepuko wa mume wangu. Nikimkuta Baba Eliya anaangalia simu huku anatabasamu, naanza kugonga sufuria makusudi. Hata Mungu nilimwekea kinyongo, kwa nini hakunitumia mimi niliyekuwa mlangoni pake kila siku.

Kanisani kwetu mtu mzima anayejiandaa kwa ubatizo anasimama mbele kutoa ushuhuda. Jumamosi mchana, siku moja kabla ya zamu yake, nilikuwa nje napepeta maharage. Akaja na kigoda, akakaa karibu yangu, akaniambia andiko lililomshika. Mwaka wa ukame tulipoteza ng'ombe wengi na tangu hapo alikuwa halali vizuri. Sasa kwenye ile filamu Mungu anamwambia Daudi, "Weka fimbo chini, upumzike. Leo mifugo nachunga mimi." Aliposikia hayo alilia peke yake kule malishoni. Akaniuliza, "Hii iko sura ya ngapi? Nisije nikakosea mbele za watu."

Nilijua palepale kwamba haipo. Ni maneno ya DJ ya kuchomekea. Na nilijua pia kwamba Zaburi ya mchungaji, ambayo nimewafundisha wanakwaya sauti zote nne, inabeba jambo hilohilo. Ningefuta mikono kwenye kanga nikamfungulia ukurasa, ingekuwa kazi ya dakika moja. Nikasema, "Usihangaike na sura, wewe sema tu, watu wanaijua." Nilitaka yule DJ aaibike.

Aliyeaibika ni mume wangu. Alisimama na shuka lake jipya, akaongea vizuri kabisa, halafu akasema "Biblia inasema", akayatamka yale maneno. Mwinjilisti, bila ubaya wowote, akauliza, "Hapo ni kitabu gani, Baba Eliya?" Mmoja wa wanakwaya wangu akasema, "Hiyo ni ya kwenye muvi," kanisa likacheka. Mume wangu akageuka kunitazama. Mimi nikainamia kitabu cha nyimbo.

Tulipofika nyumbani akaegesha pikipiki, akaniambia, "Nisamehe, nimekuaibisha mbele ya watu wako. Hata wewe mwalimu ulikuwa huijui, mimi ningejuaje?" Akachomoa memori kadi akanipa nikaitupe. "Kama yale si maneno ya Mungu, basi siku zote nilikuwa naongea na DJ."

Ubatizo umebaki wiki mbili. Mwinjilisti amekuja mara mbili kumwomba radhi, anasema jina lake bado liko kwenye orodha. Baba Eliya anamkaribisha chai, anamsikiliza kwa heshima, anakataa. Mimi ananipeleka ibadani kama zamani na kunishusha getini. Wale ng'ombe waliobaki ameanza tena kuamka usiku kuwahesabu.

Memori kadi sikuitupa. Majuzi niliweka kwenye simu yangu nikasikiliza ile sehemu, na mimi nikalia. Yule DJ aliifanya kazi niliyoshindwa, na nilichopewa nimekivunja kwa mkono wangu.

Ile Zaburi nimeiwekea alama kwenye Biblia. Naweza kumwonyesha leo jioni akitoka malishoni, na naamini ingemrudisha. Lakini ndugu zangu, mume wangu namjua. Ataisoma taratibu mpaka mwisho, atafunga kitabu, ataniuliza, "Mama Eliya, hii ulikuwa unaijua tangu lini?" Nisaidieni, nimjibu nini?