Mti Namba Arobaini na Moja

Mzee Kiptum alipima msitu akiwa amelala chali. Ukicheka, cheka tu. Hata mimi nilicheka Februari ya 1990, nilipotoka kwetu Kisii kuja kufanya kazi katika kituo cha misitu juu ya Mogogosiek. Nilidhani nimepewa mzee mvivu. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Kila Februari tulifuata mstari mmoja, kuanzia pale majani chai yanapoishia hadi ndani ya msitu. Ulikuwa na miti sitini yenye vibati vya namba. Mimi nilizungusha kamba kupima unene, yeye akalala chini ya mti, kofia juu ya tumbo, akatazama juu. "Saba," akasema, yaani sehemu saba kati ya kumi za matawi bado zina majani. Nikaandika daftarini: unene, majani, vidonda, na mwisho chanzo cha vidonda: tembo, upepo, wadudu, moto au mtu. Miti ile ile, mwaka baada ya mwaka, ili ijulikane msitu unapona au unakufa.

Alikuwa mkali. Mara moja mvua ilitukimbiza, nikakisia unene wa mti mmoja. Akanirudisha kilomita tatu.

"Wewe Atuti, ukidanganya kwa mti moja, hii kitabu yote ni takataka."

Nilimnung'unikia kimoyomoyo njia nzima.

Mti alioupenda ulikuwa namba 41. Ulikuwa tendwet, ambao Wakikuyu huuita mwiri, na magome yake ni dawa. Wazee wa Kipsigis wana adabu yao katika kuuchuna: unatoa kipande upande wa mawio na kingine upande wa machweo, unapaka vidonda mavi ya ng'ombe, kisha huugusi tena mpaka vifunge. Anayezungusha panga pande zote ameua mti. Kiptum ndiye aliyenifundisha hayo.

Mungu hakuwajalia mtoto, yeye na mkewe Rodah. Labda ndiyo maana mama huyo alinifungia viazi kila nilipoingia msituni, akinitania kwamba Mkisii bila ndizi hafiki mbali. Mwaka 1993 akaanza kuvimba tumbo. Oktoba hospitali ikamrudisha nyumbani, na Novemba tukamzika.

Februari iliyofuata, tulipofika kwa 41, nilipiga kelele. Ulikuwa umechunwa mzunguko mzima, kuanzia magotini hadi juu ya kichwa changu.

"Mwizi huyu afe akose wa kumzika!" nilisema. "Mzee, kikulacho ki nguoni mwako. Huyu ni mtu wa hapa hapa."

Kiptum alivua kofia. Alilala chini. "Nane," akasema.

"Na chanzo?"

"Wacha wazi kwanza."

Nikamsifu moyoni, mzee asiyeandika asichokijua.

Mwaka 1995 mti ulipata sita. Mwaka 1996, tatu. Kila mwaka nilimlaani mwizi upya, na kila mwaka safu ya chanzo iliachwa wazi. Mwaka 1997 Kiptum alilala pale hata nikadhani amesinzia. Juu yetu kulikuwa na matawi makavu na mbingu tupu.

"Sufuri," akasema.

Nikaanza laana zangu. Akainua mkono, bado amelala.

"Atuti, wacha. Hiyo mti ni mimi niliua."

Nikageuka kumtazama.

"Ganda ya kwanza nilitoa upande ya asubuhi, ya pili upande ya jioni. Nikapaka mavi ya ng'ombe vile inatakikana. Nikachemshia mama, akaweza kukunywa uji siku mbili. Halafu hospitali ikasema tumpeleke nyumbani. Nikakuja, nikachuna yenye ilikuwa imebaki."

"Na ulijua mti utakufa, mzee."

"Nilijua. Nilifikiria tunabadilishana. Mungu achukue mti, aniachie Rodah." Akaelekeza kidole kwenye matawi makavu. "Akachukua wote."

Laana zangu zote zilinirudia, hasa ile ya kukosa wa kumzika. Nilikuwa nimemlaani usoni mwake miaka mitatu, naye akanivumilia. Niliona aibu nikatamani ardhi inimeze. Nikafungua daftari, nikaandika "ukame".

Akainuka, akapangusa majani mgongoni, akaomba daftari. Alikata neno langu kwa mstari mmoja. Juu yake akaandika: Mtu, Kiptum. Kisha akarudisha kurasa nyuma, 1996, 1995, 1994, akajaza jina lake kila mahali tulipoacha wazi.

Kabla ya Pasaka walimfuta kazi. Bwana mkubwa wetu alisema mchuna miti hawezi kulinda miti. Alisema kweli, nami simpendi mpaka leo.

Februari 1998 nilikwenda na kijana mgeni. Nilimwonyesha jinsi ya kulala chini, akaona haya, akapima amesimama. Namba 41 ulikuwa umeanguka.

Agosti mwaka huo Kiptum alikufa nyumbani kwake. Habari iliponifikia niliweka kazi chini saa hiyo hiyo, nikateremka kwa miguu kupitia majani chai. Wanaume wa kijiji walikuwa wameketi uani wakijadiliana nani atachimba kaburi, kwa kuwa marehemu hakuwa na mwana. Sikungoja wamalize. Nilichukua jembe.