Boriti za Mnazi Juu ya Mama Mkwe Wangu

Msomaji wetu wa Kivinje ametuomba tulifiche jina lake na mtaa wake. Tumevificha. Maneno ni yake mwenyewe.

Assalaam alaykum ndugu wasomaji. Mimi ni mwanamume ninayekaribia miaka arobaini, mzaliwa wa Miteja, ninaishi hapa Kilwa Kivinje na mke mmoja na binti mmoja. Kazi yangu kujenga. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nikisimama pembeni ya mafundi wa watu, nawatazama mpaka wanifukuze. Mengi nimeyaona. Yale waliyoyafanya baada ya kunifukuza sikuyaona. Atakayesoma barua hii kwa sauti barazani, namwomba ashushe sauti kidogo akifika kwenye boriti.

Mama mkwe wangu ni Mmatumbi wa milima ya Kipatimu. Wakati wa vita vya Majimaji askari wa Mdachi walichoma kijiji chao, na baba mkwe hakutoka ndani. Mama alikuja Kivinje kwa miguu, na kaniki aliyoivaa na chungu kimoja. Tukampa chumba kwetu, lakini usingizi hakuupata. Makuti yakichakarika kwa upepo tu, huyo, ametoka nje na mkeka wake. Mke wangu akaniambia, "Baba mtoto, mama hataki dhahabu. Anataka dari isiyoshika moto."

Nikapanua kifua. "Nitamjengea chumba cha mawe, na juu nimpigie sakafu ya chokaa kama nyumba za wenyewe."

"Wewe? Sakafu ya juu umewahi?"

"Nimewahi kuitazama."

Sasa ndugu zangu, sakafu ile ni mzigo. Hulazwa boriti za mikoko, juu yake mawe, juu ya mawe chokaa na kokoto, kisha wanawake hupanda kuitwanga kwa magogo madogo huku wakiimba, mpaka ishikane. Boriti ndizo zinazobeba yote. Na mikoko siku hizi ni mali ya serikali. Kuikata mpaka ukaombe ruhusa bomani, na mwanamume wa kwetu akiingia bomani kuomba ruhusa, hutoka amepewa jembe la kulimia barabara. Nikaogopa. Nyuma ya shamba la jirani palikuwa na minazi iliyoanguka. Nikaipasua, nikaichonga, nikaipaka udongo mwekundu uliokorogwa na mafuta ya papa, maana boriti za nyumba kubwa hupakwa nyekundu. Zikapendeza kuliko mikoko yenyewe. Lakini mnazi uliolala chini masika mawili umeshaliwa moyo, na nilijua siku ile ile, kwa sababu patasi iliingia bila kusukumwa. Nikajiambia, rangi itasaidia.

Wanawake wakapanda wakatwanga. Mmoja akanipigia kelele kutoka juu, "Fundi we! Tukianguka tutakuangukia wewe!"

"Angukeni polepole," nikamjibu. Wakacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wao, huku nimeshikilia ukuta.

Mama akahamia, na hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe. Kwetu mwanamume hakanyagi chumba anacholala mama mkwe wake. Salamu zetu hupita kwenye pazia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, Mungu akuweke." Basi nimejenga chumba kimoja tu cha mawe maishani mwangu, na ndicho nisichoweza kuingia kukitazama.

Haukupita muda mrefu mke wangu akasema, "Mama anasema kila asubuhi mkeka wake una unga mwekundu. Anasema ni panya."

"Panya hao," nikasema. "Nitaleta paka."

Nikaleta. Yule paka akakaa siku chache, akahamia kwa jirani. Mnyama hana wa kumwonea haya.

Juu ya sakafu sikatazwi kupanda, nikapanda. Katikati pamebonyea, maji ya mvua yamesimama kama kwenye sahani. Nikashuka, nikaenda kwenye pazia, nikamwambia mama arudi kulala kwetu, chokaa mbichi ina baridi mbaya. Akacheka. "Mwanangu, tangu Kipatimu sijalala kama ninavyolala humu. Hata mvua siisikii. Wewe uliyeniingiza ndiye unitoe?"

Ndugu wasomaji, hapo ndipo nilipofanya lile linalonitafuna. Binti yangu alikuwa akilala humo na bibi yake. Siku ile ile nikamwita. "Mwanangu, leta mkeka wako. Kuanzia leo unalala kwetu."

"Kwa nini, baba?"

"Bibi anakoroma."

Wangu nikamtoa. Mama wa watu nikamwacha chini ya minazi.

Juzijuzi mke wangu alikuwa anachambua mchicha, hakuniinulia uso. "Mama ameniuliza kama ananuka. Anasema pengine mtoto amekimbia harufu ya uzee." Na tangu hapo nasikia kila jioni mama anajifukiza udi, kisha anaita kwa sauti ya kubembeleza, "Mjukuu wangu, njoo basi ujaribu leo." Mtoto ananitazama mimi. Mimi natazama mlango.

Nishaurini, na mnishauri upesi, maana masika yako njiani na ile sahani itajaa. Kuibomoa naweza, kwa mikono yangu hii. Kukiri kwamba boriti zangu ni minazi iliyooza naweza pia. Kivinje watanicheka, nitazoea. Lakini nikimwambia mke wangu leo kwamba dari ya mama yake si salama, hataniuliza habari za mikoko. Ataniuliza, "Kumbe mtoto ulimtoa kwa sababu hiyo?"

Mnaojua kusema na wake zenu, nimjibu nini?