SSID Si Siri

Heri mlisikie kwangu, maana kwaya ya Kakuma ilishaondoka nalo na wale wanajua kuongeza chumvi: mimi, ambaye kanisani huimba nikiwa nyuma ya Mama Akiru ili nisionekane, ndiye niliyeutangazia mtaa wetu mzima hapa Lodwar jambo ambalo hata kwenye daftari hili nilikuwa naliandika kwa penseli.

Yote yalianza na kompyuta nzee ambayo ofisi ya Baba ilimpa ilipoletewa mpya, ile yenye kisogo kirefu, na kuwaka tu ilichukua dakika kumi na tano (nilikuwa naibonyeza, naenda kuosha vyombo, narudi). Baba akasema isipoleta intaneti mpaka kwenye simu yake kufikia siku kwaya ya Kakuma itakapokuja kula kwetu, itapanda gari lao ikasaidie shule ya kule kwao, kwenye kambi ya wakimbizi. Nami nasoma somo la kompyuta, kidato cha tatu, na shuleni tunagombania mashine moja watu saba. Nikaapa haiendi popote.

Ruta kuukuu, kile kifaa cha kusambazia simu intaneti, niliinunua Kakuma kwa fundi Mkongomani, akaniambia, "Iko muzima, dada, iko tu muzee." Jumamosi nzima nilipambana nayo, waya huku, modemu kule, mpaka ukurasa wa kuiandaa ukafunguka na mbele yangu visanduku viwili vya kujaza. Cha kwanza kimeandikwa SSID. Sikujua ni nini, nikajiambia S ni ya siri, basi hapo ndipo neno la siri linapokaa, na kwa kuwa ningelijua peke yangu (hivyo ndivyo nilivyofikiri, jamani) nikaweka kitu nisichoweza kukisahau: NAMPENDA DENG. Deng ndiye mpiga kinanda wa kwaya ya Kakuma. Cha pili, nikidhani ndicho cha jina la mtandao, nikakijaza Nyumbani2013.

Jumapili, watu wakiwa bado wanakula, Baba akasimama akasema binti yake ameleta intaneti nyumbani bila fundi, kila mtu atoe simu. Mchungaji akavaa miwani, akasoma polepole kama anasoma zaburi.

"Naona mtandao mmoja tu. Nampenda... Deng."

Kumbe SSID ndiyo jina la mtandao, lile linaloonekana kwenye kila simu. Kisha Mama Akiru akauliza, "Deng gani? Si yuko huyu anakula chapati?"

Chapati ikasimama njiani. Ningeweza kuchomoa ruta ukutani na jina lingepotea hapo hapo, lakini intaneti ingepotea nalo, na gari la kwaya lilikuwa nje mlango wa nyuma wazi. Sikuchomoa. Watu wanacheka mpaka wanapigana mabega, nami nikasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema mbele za watu: "Neno la siri ni Nyumbani2013, N ni kubwa, zingine ndogo."

Baba akaandika, akasubiri. "Imeshika," akaniambia. "Kompyuta inabaki. Lakini hilo jina, mama, litoe."

Nikawasha mashine ili nilibadilishe, na yenyewe ikachukua dakika zake kumi na tano, sebule nzima ikiangalia kisogo changu.

Sasa mtandao unaitwa Nyumbani, na sitajaza tena kisanduku ambacho sijauliza maana yake, hata kiwe na herufi moja. Juzi Deng alipita akaniomba nimuunganishe. Kwenye simu yake nikaliona jina la zamani, bado limehifadhiwa, chini yake imeandikwa kwamba mtandao huo hauko karibu. Nilipotaka kulifuta akaivuta simu.

"Wacha, ikae tu," akasema.