Dirisha Lililopimwa kwa Mabega Yangu

Harufu ya tanuru la matofali haifanani na harufu ya moto wa jikoni. Ni udongo unaokauka mpaka ndani ya moyo wake, umechanganyika na moshi wa kuni mbichi, na mtu akishinda karibu nao nywele zake hunuka hivyo hata akioga. Baba yangu, Numbi, alinuka hivyo kila kiangazi. Alikuwa fundi wa kujenga pale Kamina, mji wa reli. Matofali yake aliyafyatua kutoka kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya mtaa wetu, kwa sababu udongo wa mchwa ukichomwa haupasuki ovyo. Alikichimba, akafyatua, akapanga tanuru palepale, akachoma, na kichuguu kikageuka nyumba. Nazungumzia miaka ya Zaire, wakati meno yangu ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya. Jina langu la ubatizo, Monika, lilikuwa limekatazwa shuleni kama majina yote ya Kizungu, nikabaki na Ngoie. Na vita ilikuwa imeingia katika mkoa wetu kutoka upande wa Angola.

Kabla ya kuinua ukuta, baba alifagia uwanja akachora nyumba nzima chini kwa kijiti. Milango aliiweka kwa vipande vya mbao, madirisha kwa vigae vya matofali yaliyovunjika. Alitaka dirisha pana upande wa barabara, kama yale ya nyumba za wakubwa wa reli, dirisha ambalo mtu ameketi kitini anaona mvua ikija. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. Kisha akanyoosha mguu, akakisukuma kile kigae kwa kidole gumba, taratibu, mpaka nyuma ya nyumba.

"Mama Ngoie, ile njo salon," baba alisema, akionyesha mahali pa sebule. "Bageni batakaa mu giza?"

"Bakae. Bageni gani banakuya siku hizi? Benye bunduki."

"Na mvua je?"

"Mvua utaisikia ku mabati, Baba Ngoie. Haina lazima umuone sura."

Baba akakirudisha kwa mkono, mama akakisukuma tena kwa mguu. Walifanya hivyo asubuhi nzima, wakihamisha madirisha juu ya vumbi, huyu akiyakuza, yule akiyapunguza, na mimi nikicheka kwa sababu nilidhani ni mchezo. Nilipotazama uso wa mama, kicheko kiliniishia. Macho yake yalikuwa barabarani.

Sababu yake niliijua, maana kila mtoto wa mtaa wetu aliijua. Mdogo wake baba, Monga, alikuwa amevuka kwenda Angola miaka mingi nyuma, na wakati ule kuwa na ndugu huko kulitosha kumfanya mtu aitwe mwasi. Askari waliokuja kutoka kila pembe ya nchi walipita mitaani mchana, wakiuliza watu kwa majina. Walimchukua Kisimba, mshona viatu. Walimchukua mwalimu Kabamba akiwa bado ameshika chaki. Walimchukua Mukalay aliyeuza samaki wakavu wa Mulongo, na samaki wake wakabaki mezani mpaka paka wakawamaliza. Kisimba na mwalimu walirudi. Mukalay hatukumwona tena. Tangu hapo, mpaka leo, nikisikia viatu vizito juu ya changarawe huwa nashika kitu kilicho karibu, hata kama ni kijiko.

Basi mama ndiye aliyeshinda. Upande wa barabara hakukuwa na dirisha hata moja. Lile la nyuma, katika chumba changu, lilitazama njia ya kwenda tanuruni, nalo lilikuwa na kazi yake. "Ya kumutosha mutoto, ya kukataza mukubwa," mama alimwambia baba. Askari wakija mbele, mimi nitoke nyuma, nikimbie kwa baba tanuruni, nimwambie neno moja tu: nyoka. Yeye angejua, angeshika njia ya Kabongo mpaka shambani kwa mjomba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; sisi tulijenga ukuta kwa ajili ya ufa.

Ukuta ulipofika kifuani kwa baba, walinipandisha juu yake. "Geuka mubavu," mama alisema. Nikageuka. Baba akaweka tofali huku, akaweka tofali kule, mpaka nikasikia yote mawili yakinigusa, bado yana joto la tanuru. "Sasa pita." Nikapita mbele, nikapita nyuma, nikateleza kama kambale. "Njo paka hapo," mama akasema, yaani ndiyo mpaka hapo, na baba akachora alama kwa mkaa. Sikuruhusiwa kujaribu tena siku nyingine, maana kuta zina masikio na majirani wana macho. Mtoto anayeingia na kutoka dirishani huzua maswali.

Nyumba ikapanda. Fundi Banza, seremala, akaleta kadre, yaani fremu ya mbao, nzito, ya mti mgumu, na baba akaipachika ndani ya lile tundu. Kisha akakandika udongo ukuta mzima, ndani na nje, akaulainisha kwa kiganja mpaka ukang'aa. Watu wakasifu. Mama Ntumba, jirani yetu, mke wa karani mmoja, mtu wa Kasai mwenye sauti ya kengele ya kanisa, alikuja akapapasa dirisha akasema, "Baba Ngoie, hii iko kazi ya Bazungu." Hakuna aliyekumbuka kuniita nisimame pale tena. Kadre ilikuwa imekula nafasi ya vidole upande huu, udongo umekula nafasi ya vidole upande ule, na mimi nilikuwa naendelea kula bukari, ugali wetu, na kukua.

Walikuja saa za mchana, mama na mimi tukimenya mihogo. Kwanza kuku walinyamaza, kisha nikasikia buti. Mama hakuinua kichwa. Alikohoa kidogo tu, akasema kwa sauti ya kuomba chumvi, "Ngoie, dirisha." Nilikwenda chumbani. Nilikigeuza kinu, nikapanda, nikatoa kichwa, nikatoa mkono mmoja, nikageuka ubavu kama nilivyofundishwa. Bega la kwanza likapita. La pili likapita kwa kuchubuka. Halafu mbao zikanishika mbavuni, na hapo nikakwama.

Nilisukuma, mbao zikaminya zaidi. Nilijaribu kurudi, fulana ikajikunja ikanifunga kama kamba. Nusu yangu ilikuwa nje juani, kichwa kikining'inia kuelekea uwanja wa Mama Ntumba, na nusu yangu ilikuwa ndani gizani pamoja na wale watu. Nilisikia sauti ya kiume, kwa Kilingala, ikiuliza mume yuko wapi. Nilisikia mama akijibu maneno marefu, akianza na ugonjwa wa shangazi yake wa Malemba, akiwapa viti, akiwapa maji, akininunulia njia ambayo sikuwa naitumia. Alidhani niko mbali. Kilichoniogopesha kuliko bunduki zao ilikuwa miguu yangu. Ilikuwa kule ndani peke yake, haina macho, na kila dakika nilingoja mkono wa mtu uishike.

Sikulia. Pumzi ya kulia sikuwa nayo. Vumbi la udongo lilinijaa usoni, jeupe, mdomo ukabaki wazi, nikalegeza shingo nipate hewa. Hivyo ndivyo Mama Ntumba alivyonikuta alipotoka kuanua nguo zake. Aliona kichwa cha mtoto kinaning'inia dirishani, kimejaa vumbi kama maiti iliyopakwa chokaa, na akiwa ameshaona buti mlangoni kwetu, akaamini ameshajua yaliyotokea.

"Yee! Mutoto wa benyewe! Bamemuua Ngoie! Bamemuua!"

Akashika kichwa, akaangua kilio, kilio chenyewe cha msiba, kile kirefu kinachoshuka mwishoni. Husemwa kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Siku ile wa mbali alimtangulia mfiwa. Na kwetu mtu haulizi kwanza. Kilio hujibiwa kwa kilio. Mama Ilunga akaitikia ng'ambo ya ua, na wa mbele yake akaitikia, mtaa mzima ukalia, na kilio kikashuka ile njia ya tanuruni ambayo mimi ndiye niliyepaswa kuikimbia.

Nilimwona baba kabla ya mtu yeyote kumwona. Mwanamume akisikia kilio kimetoka uani kwake, hatafuti sababu, anaacha alichoshika. Alikuja anakimbia, udongo mpaka magotini, mdomo wazi. Nilitaka kusema nyoka. Nilitaka kusema rudi. Nilifungua kinywa na kifua hakikuwa na nafasi ya kutoa hata herufi moja. Kadre ilikuwa imeshika sauti yote. Nikamtikisia kichwa: hapana, hapana. Yeye akaona mtoto aliye hai akitikisa kichwa, na badala ya kurudi akaongeza mbio.

Aliishika ile fremu kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani, akaivuta. Udongo aliolainisha kwa kiganja ukamwagika. Mbao zikalia, zikang'oka, nikamwangukia shingoni. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, akiniuliza, "Iko wapi inauma? Iko wapi?" Na askari walikuwa tayari wamezunguka kona ya nyumba. Hawakuwa na haraka yoyote.

"Yo nde Numbi?" mmoja aliuliza, kijana tu, mwenye kovu kidevuni.

Baba aliniweka chini kwanza. Akanifuta vumbi machoni. Ndipo akajibu, "Njo minyi," yaani ndiyo mimi.

Kiangazi kilichobaki tulikaa bila baba, na tundu ukutani, limezibwa kwa kitenge. Sikukubali kukaa chumba kile. Watoto wa mtaa walinibatiza Ngoie Kadre, wakiniona wanajiminya kati ya nguzo za ua na kutoa ulimi. Mama Ntumba alikuja kila siku na sahani, wakati mwingine sombe, yaani kisamvu, wakati mwingine mchuzi mtupu, na kila siku aliketi mlangoni akisema, "Ni minyi nilimuita na mdomo yangu." Mama alimjibu mara zote jawabu moja: "Kilio haina makosa, Mama Ntumba. Leta mutoto wako akule na sisi." Lakini akishaondoka, mama aliingia chumbani mwangu, akafunua kitenge, akatazama ile njia.

Mvua za kwanza ziliponyesha baba alirudi kwa miguu, amekonda, nywele zimekatwa vibaya. Alikula bukari. Mama alisubiri mpaka aliponawa mikono.

"Balikupiga?"

"Balinipatia kazi."

"Kazi gani?"

"Kupunguza madirisha."

Ni siku alipojenga upya dirisha langu ndipo alipoeleza, akiwa amenipa mgongo. Walikuwa na ghala moja la zamani nje ya mji, lenye madirisha mapana. Walitaka kufungia watu humo. Yeye, fundi, akaambiwa ayazibe yote, abakishe tundu moja tu, pana kama tofali lililolala. Watu walikuwa tayari wamo ndani alipokuwa akiziba. Aliwasikia wakikohoa upande wa pili wa kila tofali, na sauti zikapungua kadiri ukuta ulivyojaa. "Ukubwa balichagua benyewe," alisema. "Kuhusu mahali, habakusema kitu. Nikaliweka upande jua inatokea." Akaendelea kukanda udongo. Mama aliyekuwa amebeba maji aliuliza polepole kama Mukalay alikuwemo. Baba alisema hakuona sura yoyote. Alijenga tu.

Dirisha langu jipya alilikuza. Alipachika kadre kwanza, akakandika kwanza, akaacha ukauke, ndipo akaniita nipite. Nilikataa. Alinibembeleza, akanipa karanga, nikakataa. Mwishowe alikaa chini palepale, mtu mzima, akaegemeza kichwa ukutani. Mimi sijapita katika dirisha lolote tangu siku ile.

Sasa nina wajukuu. Mmoja, Mwadi, amesoma, na kazi yake huko Lubumbashi ni kompyuta. Nikimuuliza anafanya nini huniita kwa neno letu la bibi, hujibu, "Kambo, ninapanga madirisha." Nilidhani ananitania, mpaka alipoiweka mashine yake juu ya meza yangu. Kweli, kioo kilijaa madirisha. Analishika moja kwa kidole, analikokota kulia, analivuta kwa pembe mpaka linenepe, analisukuma nyuma ya jingine. Halafu akasonya. Maneno yalikuwa hayaenei ndani ya dirisha lake. Alikuwa amepima ukubwa wa nje, akasahau kwamba fremu nayo inakula nafasi.

"Fremu, kambo! Kila siku ninaisahau."

Alicheka, akaligusa kidogo, likapanuka, maneno yakaenea, basi. Nilimwambia habari hii hapohapo, jinsi nilivyoiandika hapa, na alisikiliza bila kugusa kitu. Nilipomaliza aliniuliza, "Sasa bale bantu bandani, balijua ni nani aliwekaga tundu kule?"

Nilimrudishia mashine yake. Siku hizi Mwadi anachagua ukubwa na anachagua mahali, na akikosea anarudisha kama hakuna kilichotokea. Baba yangu aliachiwa kimoja tu kati ya hivyo viwili, mahali, tena kwa sababu walisahau kumnyima. Watu wale wa ghalani wakapata alfajiri.