Aliyeshika Watoto Siku ya Kura

Niliondoka Tanga kwa sababu ya arobaini ya Mama Mkubwa, Bi Raya, dada wa mama yangu. Habari ya kifo ilinifikia akiwa ameshazikwa, nikaona angalau hitima nisiikose. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi.

Mtaani kwetu wanawake walimjua bila kuwahi kumwona. Mimi ndiye niliyewasimulia: jinsi alivyozunguka Unguja nyumba kwa nyumba na buibui lake, wanawake walipokuwa hawajaruhusiwa kupiga kura, akiwahimiza wenzake waidai haki hiyo na wanaume wakimfungia milango. Ruhusa ilipotoka, niliwaambia, yeye ndiye aliyetangulia kutia karatasi sandukuni. Hilo la mwisho sikuambiwa na mtu. Niliona tu haliwezi kuwa vingine.

Asubuhi meli ilipotia nanga Unguja, nilitembea kutoka bandarini kwa vichochoro hadi nyumbani kwao Mkunazini. Mumewe, Mzee Haji, alikuwa amekaa barazani peke yake. Nilimzoea mnene, sasa kanzu ilimning'inia.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Ingia ndani, maji ya kuoga yapo."

Baada ya sala ya alasiri aliniita ukumbini. Nilimwambia wanawake wa Tanga wananisubiri nirudi na habari za siku ile aliyopiga kura.

"Hakupiga," alisema.

Nilidhani uzee umemchanganya. Akaendelea, macho yakiwa kwenye mkeka. Siku moja kabla ya uchaguzi, wenzake barazani walimtania wakinywa kahawa: mkeo atatuchagulia serikali, wewe utabaki kuchagua mchicha sokoni. Wakacheka. Aliinuka na hasira zake, akaingia ndani, na huku wenzake wakisikia dirishani akamwambia mkewe, "Ukitia karatasi katika sanduku la kura, huna mume hapa. Talaka tatu."

"Usiku haujaingia nikajuta," alisema. "Nikenda kwa sheikh. Akanambia talaka ya sharti hairudishwi. Siku atakayotia karatasi, kaachika, hata mimi niwe nalia. Uchaguzi ule ukapita, na uliofuata ukapita. Kila mara aliwapeleka wenzake mpaka mlangoni, akabaki nje."

Miaka yote ile niliyomsifu, alikuwa nje.

"Wewe alikuwa akikupenda," Mzee Haji alisema. "Aliwahi kukwambia kama kanisamehe?"

Nilitamani kusema ndiyo. Alikuwa mzee, na neno lenyewe ni dogo.

"Hakunambia, Baba Mkubwa."

"Hata kwa kudokeza?"

"Hata kwa kudokeza. Talaka hiyo nimeisikia kwako leo."

Kisha akanituma Jambiani, alikozaliwa Mama Mkubwa, nikawaalike watu wa huko kwenye hitima. "Na kamwulize Bi Mwaka," alisema. "Wameinukia pamoja. Atakalokwambia, niletee hivyo hivyo."

Siku ya pili nilipanda gari la shamba. Baada ya minazi na mihogo ya karibu na mji, ardhi iligeuka mawe matupu. Nilisafiri nikimwona Mama Mkubwa amesimama nje ya mlango.

Jambiani nilikuta maji yamekupwa. Wanawake walikuwa pwani wakifukua makumbi ya nazi waliyoyazika kwenye mchanga wa maji miezi mingi, yaoze, wapate kuyaponda na kusokota kamba. Kila mmoja alikuwa na shimo lake, amelizungushia mawe yake. Harufu ilinikaba.

"Mgeni anaziba pua," alisema mwanamke mmoja mrefu. "Harufu hii ndiyo inayotuvisha. Karibu." Ndiye Bi Mwaka.

Nilipomweleza nilikotoka aliacha kuponda. Aliniambia Mama Mkubwa aliwafundisha habari ya kura papo hapo, kwa kuwa wanaume hawafiki kwenye makumbi. Alikuwa akiwauliza, "Shimo la mwenzio unalifukua?" Wakijibu hapana, anasema, "Basi na kura yako ni hivyo. Hata mumeo halifukui."

"Na siku yenyewe?"

"Tulikwenda na watoto wachanga. Yeye akawa anatupokea. Unaingia, unapiga, unatoka, unampokea wako, anashika wa mwingine. Mwanangu mimi alimkojolea buibui zima." Alicheka, kisha akaacha. "Nikamwuliza, mbona wewe huingii? Akasema, Haji kaapa."

"Mlijua?"

"Tulijua sote. Ila wewe. Alisema ana mtoto Tanga anamsifu kwa jambo asilolifanya, na ulimi unamwia mzito kumwambia."

Nilikaa juu ya mawe ya mtu. Hakuna aliyeniinua.

Baadaye nikamwuliza lile nililotumwa: alimsamehe?

"Nilimwambia aachike, aje huku kwetu, apige kura mpaka achoke. Akasema, 'Nikiondoka, Haji atabaki na neno lile peke yake.' Ndivyo alivyosema. Mimi sikumwelewa, na sitakudanganya."

Niliporudi mjini nilimpa Mzee Haji maneno hayo kama nilivyoyapokea.

"Huo si msamaha," alisema.

"Sijui, Baba Mkubwa. Ndiyo niliyopewa."

Siku ya hitima wanaume walikaa barazani na kwenye mikeka ya kichochoroni, sisi wanawake ndani, dirisha wazi. Baada ya dua mzee mmoja alisema kwa sauti ya kupendeza kwamba marehemu ndiye mwanamke wa kwanza wa mtaa huu kupiga kura. Wengine wakaitikia. Jina lake Mzee Haji alishanitajia. Alikuwa mmoja wa waliotania siku ile.

"Hakupiga," ilisema sauti ya Mzee Haji. "Nilimzuia mimi kwa talaka. Na wewe ulikuwepo ukisikia."

Ndani, mwanamke aliyekuwa akigawa halua alibaki mkono hewani. Nilimtazama Bi Mwaka aliyekaa ubavuni kwangu.

"Kachelewa," alisema polepole. "Lakini kasema."

Tanga nilifika jioni, na majirani walikuwa wameshajaa uani hata sijavua viatu. Niliwaambia kwamba Mama Mkubwa hakupiga kura hata mara moja, na kwamba niliyowaambia zamani niliyatunga mwenyewe kwa kumpenda. Nimejifunza kuwa sifa nayo inaweza kumziba mtu mdomo.

Kisha mmoja wao, aliyekuwa amempa binti yake jina la Raya, akaniuliza, "Sasa huyu nimwambie nini kuhusu jina lake?"

"Mwambie alisimama nje," nilisema, "akashika watoto wa wenzake mpaka mama wa mwisho akatoka."